Trauti wa Kericho: Samaki Mgeni na Historia ya Mito ya Chai

Katika mito inayoteremka kutoka Msitu wa Mau Kusini Magharibi na kupita katikati ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, yuko samaki ambaye asili yake si hapo. Jina lake trauti. Aliingia Kenya akiwa yai, akavushwa bahari ili watu wachache wapate burudani, na kwa miongo mingi sheria ilimkinga vizuri kuliko ilivyowakinga wenyeji wa kingo za mito alimomwagwa. Historia yake ni fupi, ya miaka 120 hivi, lakini ndani yake mna historia nzima ya maji ya nyanda hizi: nani aliyamiliki, nani alizuiwa kuyagusa, nani aliyalinda, na nani leo anayachafua.

Trauti ana tabia moja inayomfanya astahili kuandikiwa. Hudumu tu pale maji yanapokuwa ya baridi, yenye hewa tele na yasiyo na tope. Joto la maji likipita nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda mrefu, huanza kutaabika. Jike hutaga mayai yake kwenye kokoto, na maji sharti yapenye kati ya kokoto hizo kwa wiki kadhaa ili mayai yasife. Udongo mwembamba ukitua juu yake, mayai hukosa hewa na kizazi chote hupotea. Kwa hiyo mahali anapozaana trauti, mto bado ni mzima.

Mito kabla ya mgeni

Itare, Kiptiget, Timbilil na Kipsonoi ni miongoni mwa mito inayokusanyika hatimaye kuwa Sondu-Miriu, mto unaomwaga maji yake Ziwa Victoria. Upande wa Bomet, Nyangores na Amala huungana kuwa Mara, mto unaowanywesha nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti. Yote chimbuko lake ni Mau, msitu ambao kwa ukubwa wake wa takriban hekta 400,000 huhesabiwa kuwa chemchemi kubwa kuliko zote nchini Kenya.

Kabla ya ukoloni, msitu ulikuwa makazi ya Ogiek, warina asali na wawindaji. Malisho na mashamba ya chini yake yalikuwa ya Wakipsigis, watu wa ng'ombe na wimbi. Kwao mto ulikuwa mahali pa kunyweshea mifugo na kuchotea maji ya nyumbani. Samaki hakuwa chakula chao cha kawaida. Uvuvi ulianza chini zaidi, Sondu inapofika nchi ya Waluo. Huko samaki waitwao ningu walipanda kutoka ziwani kila mvua zilipojaza mto, wakaenda kutaga, nao watu waliwategea kwa mitego iliyosukwa kwa ustadi uliorithishwa. Mto ulikuwa mmoja, wenyewe wengi, na kila jamii ilijua sehemu yake.

Mambo yakabadilika upesi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yalivamia Sotik, na mwaka huohuo Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, akauawa. Ndugu yake Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa na cheo hicho kwa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu hadi Fort Hall mwaka 1914, akafia huko. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi hao, ikawapeleka Gwassi, ufukweni mwa Ziwa Victoria, penye joto na malale. Waliobaki wangekaa huko hadi karibu na uhuru. Baina ya matukio hayo ndipo ardhi ya Kericho ilipogawiwa wageni.

Manyoya kwenye ndoana

Samaki huyu alikuja pamoja na mtindo wake wa kuvuliwa, nao ni wa kale kuliko dola iliyomleta. Aelianus, mwandishi wa zama za Dola ya Roma, alieleza miaka ipatayo 1,800 iliyopita jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana, wakawahadaa samaki wenye madoadoa waliodhani wameona mdudu. Uingereza ilichapisha maelezo ya uvuvi wa namna hiyo mwaka 1496, na kufikia karne ya 19 ulikuwa umegeuka alama ya tabaka: mto wa trauti ulikuwa mali ya mwenye ardhi, na kuvua kwa nzi wa bandia kulihesabiwa adabu ya muungwana.

Ufundi wenyewe unastahili heshima. Mvuvi hutumia ufito mwepesi unaopindika na mshipi mzito kiasi, kwa sababu nzi wa manyoya hana uzito wa kujirusha. Mshipi ndio unaorushwa, nzi hufuata. Anayejua kazi hii hutua nzi wake juu ya maji taratibu, kama mdudu aliyechoka mabawa. Kabla ya kurusha inabidi asome mto: wapi maji yanapunguza kasi nyuma ya jiwe, wapi kivuli cha mti kinaangukia, wadudu gani wameibuka saa ile. Mvuvi wa pwani mwenye mshipi na chambo cha ngisi angeielewa kazi hii mara moja, maana naye huishi kwa kusoma maji.

Wamarekani wa mashariki wana samaki wao wa vijito vya milimani, aina ya trauti mwenye mapezi yenye ukingo mweupe, anayependa baridi kuliko jamaa zake wengi. Milima ya Appalachia ni sehemu ya makao yake ya asili, na huko pia amefukuzwa kutoka vijito vingi kwa kukatwa misitu iliyovitia kivuli. Walioenea Kenya ni ndugu zake wawili: trauti wa kahawia wa Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua ambaye asili yake ni mito inayoelekea Bahari ya Pasifiki. Mto wa Appalachia na mto wa Mau hulindwa kwa kitu kilekile, yaani miti iliyo juu yake.

Chai na trauti, safari moja

Mwaka 1864 mayai ya trauti yalifikishwa Tasmania yakiwa yamehifadhiwa kwenye barafu ndani ya meli kutoka Uingereza. Baada ya mafanikio hayo, kila palipokuwa na mlima wenye maji baridi chini ya bendera ya Uingereza, trauti alifuata. Alipelekwa milima ya Nilgiri kule India na Nuwara Eliya kule Ceylon, na sehemu hizo zote mbili zilikuwa nchi za chai. Mlingano huo una sababu. Chai hutaka mwinuko, mvua ya mwaka mzima na ubaridi. Trauti hutaka hayohayo. Palipomfaa mkulima mkubwa wa chai, pakamfaa na samaki wake.

Kenya ilipokea trauti mwaka 1905. Ewart Grogan, setla aliyekuwa amepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na vifaranga wakatiwa mto Gura katika milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua akaletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Katika miongo iliyofuata, aina hizo mbili zilisambazwa Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Mau, na hivyo zikafika mito ya Kericho.

Chai nayo ilikuwa imepandwa Limuru mwaka 1903, lakini Kericho haikuanza na chai. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwatengea maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ekari zipatazo 25,000 ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikaangukia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay yakiwa ndiyo makubwa. Msitu na malisho vikageuka vilima vya kijani kilichokatwa sawasawa. Makampuni yakajenga viwanda, nyumba za wafanyakazi, mitambo midogo ya umeme wa maji kwenye mito hiyohiyo, na katika miaka ya 1950 Tea Hotel ikasimama mjini Kericho, ikiwapokea wageni walioweza kuamka asubuhi na kwenda kuvua trauti.

Sheria ya mto

Katika maji ya trauti, sheria za Kenya zilimtaka mvuvi awe na leseni na atumie ufito na nzi wa bandia pekee. Kwa setla hiyo ilikuwa kanuni ya mchezo wa haki. Kwa mtoto wa Kipsigis aliyeishi ng'ambo ya mto, maana yake ilikuwa kwamba akimkamata samaki kwa mikono, kikapu au ndoana yenye funza, yeye ni jangili. Tofauti kati ya burudani na uhalifu ikawa manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, na leseni ambayo mchumaji chai hakuwa na sababu wala uwezo wa kuinunua.

Lazima tuseme ukweli wote hata hivyo. Mfumo huo wa kibaguzi ulihifadhi mito. Mwenye kupenda trauti alitaka msitu ubaki kwenye chanzo, ng'ombe wasikanyage kingo, na maji ya kiwanda yasimwagwe ovyo. Aliyapigania hayo kwa sababu starehe yake iliyategemea, na alisikilizwa kwa sababu alikuwa na mamlaka. Tangu enzi hizo mto umetunzwa pale tu mwenye nguvu alipoona faida yake ndani yake.

Mwaka 1948 serikali ilifungua kituo cha kutotoleshea trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri, na kituo hicho kimeendelea kuzalisha vifaranga hata baada ya uhuru. Ufungaji wa nzi wa bandia nao ukageuka kazi ya mikono ya Wakenya. Leo nzi waliofungwa Kenya, kwa vidole vya mafundi ambao wengi wao hawajawahi kuvua trauti, huuzwa Ulaya na Marekani, na wavuvi wa huko huwasifu.

Kaa, usubi na mtafiti wa trauti

Faida kubwa kuliko zote iliyotokana na trauti wa Kenya haikuhusu mchezo. V. D. van Someren, mwanabiolojia aliyewachunguza samaki hawa na kuchapisha utafiti mkubwa juu yao mwaka 1952, alilazimika kujua wanakula nini. Alipekua mawe ya mito akitafuta wadudu wa majini. Wakati huohuo J. P. McMahon, mtaalamu wa wadudu, alikuwa akipambana na usubi, inzi wadogo wanaoeneza upofu wa mtoni. Tatizo lilikuwa moja: usubi wa aina iliyowapofusha watu wa magharibi mwa Kenya walionekana wakiuma, lakini hakuna aliyejua viluwiluwi vyao vilijificha wapi mtoni.

Mwaka 1950 wawili hao walitangaza jibu katika jarida la Nature. Viluwiluwi hivyo vilikuwa vikisafiri juu ya miili ya kaa wa mtoni. Ugunduzi huo uliwaonyesha wataalamu pa kumtafuta adui na jinsi ya kuhakiki kama ameisha. Mito ilitiwa dawa ya DDT kwa vipimo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 usubi huyo alikuwa ametokomezwa Kenya. Leo tunajua madhara ya DDT kwa viumbe vya majini, na tusingependa kuiona tena mtoni. Lakini watu waliobaki na macho yao magharibi mwa Kenya wanadaiwa shukrani na utafiti ambao kwa sehemu ulianza na swali la samaki anakula nini.

Jaribio la Sambret

Mwishoni mwa miaka ya 1950, makampuni ya chai yalipotaka kufyeka msitu zaidi, serikali ilitaka kwanza kujua mto utaathirika vipi. Wanasayansi wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, wakiongozwa na Charles Pereira, walichagua mabonde mawili madogo karibu na Kericho. Bonde la Lagan liliachwa na msitu wake. Katika bonde la Sambret, sehemu kubwa ya msitu ilikatwa na chai ikapandwa, kwa makinga maji na uangalifu mkubwa wa udongo. Mvua na maji ya vijito vikapimwa kwa miaka mingi mfululizo.

Matokeo yalikuwa ya wazi. Msitu ulipokatwa, maji yaliyotiririka baada ya mvua yaliongezeka. Chai ilipokomaa na kufunika ardhi, matumizi yake ya maji yakakaribia yale ya msitu. Chai inayotunzwa vizuri, basi, haiuui mto. Jaribio hili ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya aina yake katika nchi za tropiki, na lilifanyika Kericho.

Baada ya uhuru

Uhuru ulipanua haki ambayo ukoloni uliizuia hadi miaka yake ya mwisho: Mwafrika kupanda chai yake mwenyewe. Tangu KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, ilipoundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wamekuwa nguzo ya zao hili. Lakini ardhi kubwa ya makampuni ilibaki pale pale, watu wakaongezeka, na walipokosa nafasi bondeni wakapanda mlimani. Msitu ukaliwa, kidogo kidogo na wanyonge waliotafuta shamba, na kwa mapande makubwa na wakubwa waliogawiana. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kutoka hifadhi ya msitu. Jopo kazi la Waziri Mkuu kuhusu Mau lilipotoa ripoti yake mwaka 2009, lilikadiria kwamba takriban hekta 107,000, yaani robo ya msitu wote, zilikuwa zimepotea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mabonde matatu ya vyanzo vya Sondu. Bonde lenye mashamba madogo lilipoteza kiasi cha tani 130 za udongo kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Bonde la msitu wa asili lilipoteza takriban tani 42. Bonde la chai na miti ya kupandwa lilipoteza tani 21 hivi, pungufu hata ya msitu.

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema mkulima mdogo ndiye mharibifu. Nakataa hukumu hiyo. Chai ya kampuni hufunika udongo mwaka mzima, ina mifereji iliyochimbwa na wahandisi, na imeacha ukanda wa miti kando ya mto kwa sababu ina ardhi ya kuacha. Mkulima mwenye ekari moja ya mahindi na viazi kwenye mteremko hana cha kuacha. Ng'ombe wake hushuka mtoni kwa njia ileile kila siku, na mvua hugeuza njia hiyo kuwa mfereji wa tope. Maji maangavu yako kwenye ardhi iliyochukuliwa, na tope liko mahali waliposukumwa waliobaki. Takwimu za udongo wa mwaka 2020 haziwezi kutenganishwa na ugawaji wa ardhi wa miaka ya 1920.

Watu wa Kericho wenyewe hawajausahau ugawaji huo. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai walifikisha kesi yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka uliofuata mashamba ya Finlays yaliuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 ikachukua pia yale yaliyowahi kuwa ya Brooke Bond. Sehemu kubwa ya chai ya makampuni ya Kericho ikaingia mikononi mwa watu wa Ceylon ya zamani, ilikotangulia kupandwa chai pamoja na trauti.

Mvutano wa maji nao haujaisha. Bwawa la Itare lilianza kujengwa Kuresoi mwaka 2017 ili kupeleka maji upande wa Nakuru. Watu wa Kericho na Bomet walilipinga wakihofia mito yao, kisha kazi ikasimama mwaka 2018 kampuni ya Italia iliyokuwa ikilijenga ilipofilisika. Chini yake mtambo wa Sondu-Miriu, wenye uwezo wa megawati 60, hutegemea maji hayohayo.

Lipi la kufanya

Je, tumtetee samaki wa mkoloni? Trauti hula wadudu, kaa na samaki wadogo wa asili, kwa hiyo asimwagwe tena katika mto ambao hajaufikia. Ningu na jamaa zake wa Sondu wanastahili kutunzwa kwanza. Lakini mahali alipokwisha kuwa, trauti atumike kama kipimo. Kaunti za Kericho na Bomet, pamoja na jumuiya za watumiaji wa maji, zinaweza kila mwaka kukagua kama bado anataga kwenye vijito vya juu, kupima joto la maji na kiasi cha tope, na kuwatangazia wananchi matokeo hayo barazani na redioni kwa lugha wanayoielewa.

Leseni ya kuvua iwe ya bei ambayo kijana wa Litein au Silibwet anaweza kuilipa, na vijana hao wawe ndio waongozaji wa wageni wanaokuja kuvua. Mkulima anayeacha ukanda wa mianzi na miti ya asili kando ya mto alipwe kwa ardhi aliyoitoa, na walipaji wawe wanaonufaika na maji yake: makampuni ya chai, mitambo ya umeme na miji. Mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi iondolewe. Watoto wafundishwe shuleni historia ya mto wao, tangu mitego ya ningu hadi Sambret.

Mito hii ililindwa zamani kwa ajili ya wachache, na wengi wakafungiwa nje. Kisha ikaachwa wazi kwa wote, na hakuna aliyeilinda. Kizazi chetu kina wajibu wa kufanya ambalo halijafanywa bado: kuilinda mito ya Mau ikiwa mali ya wale wanaoishi kando yake. Viongozi wa kaunti, wenye mashamba na sisi wananchi tuianze kazi hii msimu huu, kabla mvua ya masika ijayo haijabeba udongo mwingine.